Tumealikwa hekalu la Neasden Jumapili: tuvae nini, tukae vipi?

Mama Wawili, Harlesden:

Assalaam aleikum na habari zenu wote. Jirani yangu, bibi wa Kigujarati aliyezaliwa Mombasa (Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu), ametualika Jumapili twende naye kwenye hekalu lao la Neasden, hapa London. Siwezi kumkatalia. Huyu ndiye anayenikalia na watoto nikiwa zamu ya usiku, na hajawahi kunidai hata senti. Lakini sisi ni Waislamu na sijawahi kukanyaga hekalu la Wahindu. Tuvae nini? Tukipewa chakula itakuwaje? Na ile rangi ya kwenye paji la uso? Aliyewahi kwenda anipe mwanga.

Kaka wa Wembley:

Waaleikum salaam dada. Nendeni bila wasiwasi. Mimi ni Mkristo, na wageni wangu wakija kutoka nyumbani huwa nawapeleka pale.

Cha kwanza ni saa, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kwa Wahindu, murti, yaani sanamu ya mungu, ikishafanyiwa ibada ya kutiwa uhai, si pambo tena: ndiye mwenye nyumba. Huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvishwa nguo, huletewa chakula, mchana hupumzishwa na usiku hulazwa. Akipumzika, milango yake hufungwa. Ukifika saa nane mchana utaambulia nguzo za marumaru tu. Lengeni arti, yaani ibada ya taa, ya saa sita kasorobo mchana, ila hakikisheni kwanza kwenye tovuti yao, kwani siku za sikukuu ratiba hubadilika.

Mavazi hayatakupa shida: mabega na magoti yafunikwe, basi. Buibui lako na mtandio wako vinatosha. Mlangoni kuna ukaguzi, kwa hiyo mabegi makubwa yabaki nyumbani. Viatu mnavua ndani, wanaume upande wao na wanawake wao, na hata kwenye ibada hukaa mbalimbali. Hilo halitakushangaza. Mpangeni mapema nani ataenda na mtoto yupi. Picha ndani haziruhusiwi, na simu zizimwe kabisa.

Sasa arti yenyewe. Milango ya vyumba vya murti inafunguliwa, watu wote wamesimama. Sadhu, yaani mtawa wao, mwenye joho la rangi ya chungwa anashika taa ya utambi uliolowekwa samli na kuizungusha taratibu mbele ya murti, huku kengele na ngoma zikilia na watu wakiimba. Kisha sinia zenye moto huo hupitishwa kwa watu. Kila mtu hupitisha viganja juu ya mwali mara moja, haraka, halafu huvipeleka machoni na kichwani. Wengine huacha sarafu. Sinia likikufikia, weka mkono kifuani na utikise kichwa kidogo. Litapita. Mimi husimama nyuma na hakuna aliyewahi kunikodolea macho. Rangi ya kwenye paji ni hivyo hivyo: ukisema "hapana, asante" yamekwisha.

Jihadharini na kitu kimoja, hasa kwa watoto. Kuna chumba cha abhishek, ambako watu humwagia maji murti ndogo ya Nilkanth Varni, yaani Swaminarayan, mwanzilishi wa kundi lao, alipokuwa kijana. Kabla ya hapo hufungwa uzi mwekundu mkononi na dua husomwa. Watoto wakiona maji watataka kumwaga. Ile ni ibada kamili, kwa hiyo kama hutaki washiriki waambie mkiwa bado nyumbani, msije mkavutana mbele ya bibi.

Na mwache bibi asimulie. Hekalu la kwanza la kundi lake hapa London lilifunguliwa mwaka 1970 kwenye jengo la Islington lililokuwa kanisa, na waumini wake wengi walitoka Kenya, Uganda na Tanganyika ya zamani. Hili la Neasden lilifunguliwa Agosti 1995. Mawe ya chokaa yalitoka Bulgaria na marumaru Italia, yakapelekwa India kuchongwa, kisha vipande zaidi ya 26,000 vikasafirishwa hadi hapa na kuunganishwa. Mkifika chini ya kuba angalieni juu, msione haya kusimama muda mrefu.

Shangazi wa Leicester:

Mwanangu, kaka yako kasema vizuri, ila suala la chakula kaliruka, labda kwa adabu. Prasad ni chakula kilichokwisha kutolewa kwa murti, kisha hugawiwa watu. Kwa sisi Waislamu hapo pana neno, nami sili. Lakini namna ya kutokula ina adabu yake. Ukipewa, pokea kwa mkono wa kulia, funga kwenye tishu, mpe bibi au mwenzake akale. Kukitupa kwenye pipa la taka ni tusi, na wataliona. Afadhali zaidi umwambie bibi kabla ya Jumapili. Mtu aliyekulia Mombasa na majirani Waislamu atakuelewa hujamaliza kusema.

Usibebe keki. Hawali mayai, na wengi wa kundi lile hawagusi hata kitunguu wala kitunguu saumu. Ukitaka kumshukuru, mpelekee matunda nyumbani kwake.

Halafu usidhani mahekalu yote yako hivyo. Huku Leicester nimekwenda harusini kwenye mahekalu ambayo mume na mke hukaa pamoja, watoto wanakimbia, na kila anayeingia anapiga kengele iliyoning'inia. Watu huzunguka madhabahu yakiwa upande wao wa kulia, kinyume cha tawafu yetu. Wewe tazama watu wanaelekea wapi usije ukawapinga njiani.

Mama Wawili, Harlesden:

Shangazi, kaka, Mungu awalipe. Nimekwisha kumwambia bibi kuhusu prasad. Kacheka, akasema mama yake alikuwa akiwapikia majirani Waislamu sufuria ya pembeni kila Diwali, kabla ya kupeleka chochote kwa murti, na Jumapili atatupikia hivyo hivyo nyumbani kwake. Binti yangu anauliza kama soksi zinaruhusiwa.

Kaka wa Wembley:

Zinaruhusiwa, tena avae nzito. Marumaru ile ina baridi hata mwezi wa saba. Na zikague kwanza kama hazina matundu.