Eji wawili, drafti moja: saki nyingi za chuoni au vipimo vya Indianapolis?

Mtoto_wa_Pwani aliuliza:

Wakuu, heshima zenu. Naandaa orodha yangu ya eji kwa ajili ya drafti ijayo ya NFL na nimekwama kwa watu wawili. Majina siyataji, tusije tukaanza ushabiki wa vyuo. (Kwa mgeni wa mchezo: NFL ni ligi ya futiboli ya Marekani, na drafti ni timu zake kuchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, raundi kwa raundi. Eji ni yule wa safu ya ulinzi anayejipanga nje ya takeli, yaani mzuiaji wa pembeni wa timu yenye mpira, na kazi yake kubwa ni kumfikia kwotabeki, mrusha pasi. Saki ni kumwangusha kabla hajarusha mpira.)

A ana miaka 23 na nusu, futi 6 na inchi 3, pauni 262, mikono inchi 32 na nusu. Saki 12 msimu uliopita. Yadi 40 kwa sekunde 4.82, koni tatu (mbio za kuzunguka koni) 6.95.

B ana miaka 21, futi 6 na inchi 5, pauni 255, mikono inchi 34. Saki 4 tu. Yadi 40 kwa 4.58, yadi 10 za kwanza 1.58, kuruka juu inchi 38. Koni tatu hakukimbia.

Orodha nyingi zinamweka B mwisho wa raundi ya kwanza na A raundi ya tatu. Je, saki 12 hazina thamani? Na nyie mnaanzia wapi, mkanda (video za mechi) au vipimo vya Indianapolis (majaribio ya mwili kabla ya drafti)?

---

Jicho_la_Mkanda alijibu:

Mkanda kwanza, vipimo baadaye, kisha unarudi tena kwenye mkanda. Ukianza na namba, macho yako yatatafuta kile ulichokwisha kukiamini: ukijua jamaa ana 4.58 utaona kasi hata pale ambapo takeli ameteleza.

Chagua mechi nne au tano. Mbili ziwe dhidi ya takeli bora aliokutana nao, moja iwe mechi aliyopotea kabisa, na nyingine ya kawaida. Vipande vya dakika tatu vya mtandaoni achana navyo, vile vimekatwa na mtu anayempenda mchezaji. Ukipata kamera ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, itumie. Ya televisheni inatosha kwa eji, maana vita yake iko karibu na mpira, ila inaficha jambo moja: kwa nini kwotabeki aliendelea kushika mpira.

Saki 12 za A zigawe mafungu. Ngapi alishinda takeli mwenyewe, mmoja kwa mmoja, chini ya sekunde tatu hivi? Ngapi alifika bila kuguswa kwa sababu safu ya mbele ilikosea mgawanyo? Ngapi ni zawadi ya walinzi wa nyuma, kwotabeki amekaa sekunde nne na nusu hana wa kumrushia? Ngapi mwenzake alimtikisa kwotabeki naye akaokota? Fungu la kwanza ndilo linalosafiri hadi NFL. Nikikuta 5 kati ya 12, hizo ndizo saki zake. Na angalia tarehe: saki tatu kwenye mechi moja dhidi ya timu dhaifu ya mwezi wa tisa zinavimbisha msimu mzima.

Ndiyo maana presha zina uzito kuliko saki. Saki ni chache mno kwa msimu wa mechi 12 au 13. Moja mbili za bahati zinageuza picha. Hesabu kila mara aliyomfanya kwotabeki ahame, aharakishe au apigwe. Ila ondoa kwanza snapu (kila mara mpira unapoanzishwa) ambazo hazimpimi mtu: pasi fupi zinazotoka mara moja, skrini (pasi fupi nyuma ya wazuiaji), na zile ambazo kwotabeki anajifanya anatoa mpira kwa mkimbiaji. Baki na zile ambazo takeli anarudi nyuma kweli na eji anajua ni pasi. Ukipata 100 za namna hiyo una kitu cha kuhukumu. Zikiwa 30 bado unabahatisha.

Kwa kila snapu naandika mambo manne: alivyoondoka, mikono, njia, na alichofanya baada ya kuzuiwa. Kuondoka: simamisha picha mpira unapoanza kusogea, kisha sogeza fremu moja moja. Je, anasogea na mpira, au anamsubiri takeli asogee ndipo naye aondoke? Mikono: nani anagusa kwanza, na anagusa wapi, kifua au bega? Njia: akifika usawa wa kwotabeki, nyonga zinageuka kuingia ndani au anapitiliza yadi mbili nyuma yake? Halafu la mwisho, ambalo kwangu ni zito kuliko yote matatu: mbinu ya kwanza ikigoma, ana ya pili? Vijana wengi wa chuo wana moja tu. Takeli wa NFL ataijua ifikapo robo ya pili.

Vernon Gholston alikuwa na saki 14 pale Ohio State msimu wa 2007, na vipimo vyake vilikuwa vya kutisha. Jets wakamchukua nafasi ya 6 mwaka 2008. Alimaliza NFL bila saki hata moja. Saki alikuwa nazo na mwili alikuwa nao, kwa hiyo ubishi wa "namba au saki" usingemwokoa mtu hapo.

---

Pauni225 alijibu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Naongeza upande wa vipimo, kwa sababu watu huvisoma vibaya.

Yadi 40 kwa eji ni kama pambo. Ni mara chache sana atakimbia mita 36 moja kwa moja. Kipande cha yadi 10 za kwanza ndicho kinachofanana na kazi yake, pamoja na kuruka juu na kuruka mbele, kwani hivyo vinapima mlipuko. Koni tatu inapima kupinda kona bila kupoteza kasi. Kwa mtu wa pauni 255 hadi 265, 1.60 ni nzuri sana kwenye yadi 10, na chini ya 7.00 ni nzuri kwenye koni. Soma kila namba pamoja na uzito. Aidha, angalia kama uzito wa Indianapolis ndio aliochezea. Wapo wanaopunguza pauni 10 ili wakimbie vizuri, halafu kambini wanarudi walikokuwa.

Kwa hiyo 6.95 ya A usiipite. Mtu wa 4.82 mwenye koni ya namna hiyo si mzito, ila hana kasi ya mbio ndefu. Na B kutokimbia koni ni alama ya kuuliza. Wakala hamzuii mchezaji wake kwenye jaribio atakalong'ara.

Kuhusu saa. Indianapolis mtu hubonyeza kwa mkono mchezaji anapoanza kusogea, na mwisho unakatwa na mashine. Kwenye siku ya vipimo ya chuo, saa mara nyingi ni ya mkono mwanzo na mwisho, na matokeo huwa ya haraka zaidi. Usilinganishe 4.58 ya chuoni na 4.65 ya Indianapolis ukasema wa kwanza ni mwepesi zaidi. Hata mikono hubadilika: Will Campbell, takeli wa LSU, alipimwa inchi 32 na 5/8 Indianapolis mwaka 2025, kisha 33 kamili chuoni kwake. Patriots walimchukua nafasi ya 4 hata hivyo.

Mikono ya 32 na nusu kwa eji ni mifupi, lakini si hukumu ya kifo. Aidan Hutchinson alipimwa inchi 32 na 1/8. Alichokuwa nacho ni koni tatu ya 6.73 na mikono inayofanya kazi mapema. Mfupi wa mikono akichelewa kugusa, takeli mwenye inchi 34 au 35 anamshika kifuani na safari inaishia hapo. Kwa A, angalia hilo tu, mechi nzima.

Benchi ya pauni 225 (kunyanyua chuma ukiwa umelala, mara nyingi uwezavyo) sina haja nayo. Mikono mirefu inapunguza idadi ya kunyanyua, kwa hiyo jaribio linaadhibu kitu kilekile unachokitafuta.

---

Mtoto_wa_Pwani alijibu:

Shukrani sana wakuu. B nimemtazama mechi tatu. Kuondoka kwake ni moto, lakini snapu nyingi anasimama tu mbele ya takeli, anamshika, hapiti. Huo ni uvivu au ndivyo alivyofundishwa?

---

Nafasi_ya_88 alijibu:

Hilo ndilo swali lenyewe. Mifumo mingine ya vyuo inamwambia eji ashike njia yake kwanza, amzuie mkimbiaji na kwotabeki asitoke nje, ndipo afikirie presha. Utaijua kwa kuangalia eji wa upande wa pili. Naye akisimama vilevile, ni maagizo ya kocha. Mwenzake akipita na yeye akasimama, basi ni yeye. Kisha tafuta jaribio la tatu (timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10) lenye yadi 8 au zaidi za kwenda, pale ambapo kila mtu uwanjani anajua ni pasi na kocha amefungulia mbwa. Huko ndiko B wa kweli alipo.

Jina langu hapa si la bahati mbaya. Danielle Hunter alitoka LSU akiwa na saki moja na nusu msimu wake wa mwisho, na 4.5 kwa miaka yote mitatu. Alikuwa na miaka 20 siku ya drafti ya 2015, alikimbia 4.57 akiwa na pauni 252. Vikings walimpata nafasi ya 88. Mwaka 2018 alipata saki 14.5, mwaka 2019 tena 14.5. Upande wa A mfano wako ni Terrell Suggs: saki 24 Arizona State mwaka 2002, mbio zake zikawakatisha watu tamaa, Ravens wakamchukua nafasi ya 10, akastaafu na 139. Lakini Suggs naye alikuwa na miaka 20! Hapo ndipo A anapokosa. Mtu wa 23 na nusu anawashinda vijana wa 19 na 20 ambao miili yao bado inajengwa. Rudi kwenye misimu yake ya awali uone alikuwa nani akiwa na umri wa B. Kama presha zilikuwepo tangu hapo, sawa. Kama zilitokea ghafla mwaka wa tano, punguza alama.

Kuhusu raundi: mkataba wa raundi ya kwanza ni miaka minne na timu ina hiari ya mwaka wa tano. Raundi nyingine hazina. Kwa kijana mbichi kama B mwaka huo wa ziada ni mali, kwa sababu miwili ya kwanza huenda ikaishia kwenye kujifunza. Ndiyo maana timu ikimpenda itamchukua nafasi ya 30 badala ya kumsubiri ya 40. Kwa A hesabu ni nyingine. Anatakiwa acheze mwaka wa kwanza, na mkataba wake ukiisha atakuwa na 27. Raundi ya tatu kwake si dharau.

Kwenye jedwali la zamani la thamani ya nafasi za drafti, linalojulikana kwa jina la Jimmy Johnson, kocha wa zamani wa Cowboys, nafasi ya 32 ni pointi 590 na ya 64 ni 270. Pengo kati ya hawa wawili si dogo kama linavyoonekana kwenye orodha za mashabiki. Swali unalopaswa kujibu ni kama B anastahili zaidi ya mara mbili ya A, na mimi kwa maelezo yako bado sijashawishika.

---

Dada_wa_Twin_Cities alijibu:

Msisahau majeraha. Timu zinapata ripoti za madaktari, sisi hatuzipati, kwa hiyo mchezaji akiporomoka raundi mbili bila sababu ya mkandani, dhani goti au bega kabla hujadhani timu zote ni wajinga. Hesabu mechi alizokosa kila msimu, na utenganishe jeraha moja kubwa na jeraha lilelile linalojirudia. Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi, alitoka Boise State akiwa takeli mwenye kipaji ila majeraha yalimwandama chuoni. Seahawks walimchukua nafasi ya 97 mwaka 2016.

Jingine: kama A au B alianza mchezo huu akiwa mkubwa, umri pekee usimhukumu. Ezekiel Ansah alitoka Ghana, akaanza kucheza futiboli BYU mwaka 2010, na Lions wakamchukua nafasi ya 5 mwaka 2013 akiwa na saki 4.5 tu chuoni. Mwaka 2015 alipata 14.5. Kwa mtu wa aina hiyo linganisha mechi ya kwanza ya msimu na ya mwisho. Mikono isipobadilika ndani ya miezi mitatu ya mazoezi ya kila siku, anza kuwa na wasiwasi.

---

Mtoto_wa_Pwani alijibu:

A alialikwa Senior Bowl kule Mobile (mechi ya maonyesho ya wachezaji wanaomaliza chuo), na video za mazoezi ya mmoja kwa mmoja zinaonyesha anawamaliza takeli. Niziongezee uzito?

---

Jicho_la_Mkanda alijibu:

Kidogo tu, mkuu. Zoezi hilo linampendelea eji: uwanja mpana, takeli hana gadi (mzuiaji wa jirani yake) wa kumsaidia ndani, hakuna taiti endi (mpokeaji anayezuia pia) wa kumpiga eji bega akipita, na kila mtu anajua ni pasi. Karibu kila eji anaonekana shujaa. Nachoangalia ni marudio ya pili na ya tatu dhidi ya takeli yuleyule. Akimshinda kwa nje mara ya kwanza, takeli atafungua hatua ya nje zaidi mara ya pili. A akikata ndani hapo, ana mbinu ya pili, na nampandisha hadi karibu na nafasi ya 60. Akijaribu njia ileile akazuiwa, abaki raundi ya tatu. B mtafutie zile snapu za jaribio la tatu kwanza, uje na hesabu yake hapa.