Amplifaya juu ya sabufa, chumba cha ghorofani: niihamishie wapi?

KipondaJuu: Assalamu alaykum. Nakaa ghorofa ya pili, nyumba kongwe ya Kiponda, Unguja. Chumba hakifiki mita 3 upana, si mnajua nyumba hizi zilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko. Sakafu ya huku juu ilitengenezwa upya kwa mbao. Mtoto akikimbia, kikombe kinacheza mezani. Kwa ufinyu huo nimepanga mnara: sabufa chini, amplifaya juu yake, plea ya santuri juu kabisa. Nikiweka santuri za taarab za marehemu babu na kupandisha sauti, besi inanguruma yenyewe, uuuuu, mpaka nishushe. Fundi kaniambia amplifaya inatikisika, ninunue miguu maalumu. Bei yake ni ya mbuzi mzima.

Mtu_wa_Besi: Iweke sakafuni, basi.

LehemuBaridi: Kasema sakafu ya mbao inacheza, wewe unamwambia sakafuni! KipondaJuu, usimuuze mbuzi. Piga wimbo kutoka kwenye simu, sauti ileile. Ngurumo ikipotea, mkosaji ni sindano. Kazi yake ni kuhisi mtikisiko, na haibagui uliotoka kwenye mfereji wa santuri na uliotoka kwenye sabufa. Inaupeleka kwenye amplifaya, unakuzwa, sabufa inautoa tena, sindano inaudaka tena.

Amplifaya ya transista haishughuliki na mtikisiko. Ya valvu, zile taa za kioo za zamani, ndiyo nyepesi kuudaka: gonga kioo chake taratibu kwa penseli, utasikia kwenye spika. Lakini hata ya transista iondoe juu ya sabufa. Transfoma na kapasita kubwa ni nzito, zikitikiswa kila siku lehemu zinapasuka kidogokidogo. Nimefungua nyingi za hivyo, zote zinaletwa na lalamiko moja: “upande mmoja unakatakata.”

KipondaJuu: Simu haingurumi hata kidogo! Kidaka ninacho ukutani, mke wangu kapanga vikombe. Amplifaya iende humo?

LehemuBaridi: Hapana! Kidakani hakuna upepo, itaoka. Humo iende plea, maana ukuta wa mawe na chokaa ni mnene, miguu ya watoto haiufikii. Amplifaya iweke kwenye stuli imara karibu na ukuta, pale mbao hazinesi kama katikati ya chumba. Juu yake acha nafasi ya kiganja, usifunike matundu kwa kitambaa cha kudarizi. Isikae moja kwa moja chini ya plea; transfoma ikiwa karibu na kichwa cha sindano unaletewa mvumo mwingine.

Ukisikia amplifaya yenyewe inavuma hata sauti ikiwa sifuri, hiyo ni transfoma. Umeme wetu ni hezi 50, nayo huvuma kwa 100. Stuli ya mbao huukuza mvumo huo. Kata kandambili kuukuu vipande 4, weka chini ya miguu ya amplifaya. Ndiyo miguu maalumu hiyo.

KipondaJuu: Nimehamisha jana baada ya isha. Nimepandisha mpaka robo tatu, kimya, nasikia udi tu na mtu akikohoa kwenye santuri, sikuwahi kumsikia. Kandambili kumbe zilikuwa za shemeji, anazitafuta. Vikombe viko kitandani, na mke wangu hajarudi kutoka kazini.