Wahusika wanaofichwa ukweli wao wenyewe katika riwaya zetu

Maalim wa Wete

Assalaam alaykum. Nasomesha Fasihi katika skuli ya sekondari hapa Pemba, na wanafunzi wangu wamenibana kwa suala ambalo napenda kulileta kwa wasomaji wenzangu. Tulianza na *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Yusuf anaondoka kwao akiwa na umri wa miaka 12, anapandishwa treni pamoja na tajiri Aziz ambaye amezoea kumwita ami, na hakuna anayemwambia kwamba baba yake anadaiwa na kwamba yeye ndiye rehani ya deni hilo. Baba anajua, mama anajua, na Aziz ndiye anayedai. Anayekuja kumfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani ambaye naye aliwekwa rehani kwa deni la baba yake. Kila Yusuf anapomtaja ami, Khalil humkatiza na kumwambia kuwa yule si ami yake.

Hapo ndipo darasa lilipogawika. Baadhi ya wanafunzi walisema kwamba wazazi wa Yusuf walimsaliti kwa kunyamaza. Wengine, hasa wasichana waliokaa nyuma, walishikilia kwamba wazazi walimsitiri, kwa sababu mtoto akijua kwamba ameuzwa hawezi tena kuinua uso mbele ya watu. Nauliza basi: katika riwaya zetu, mhusika anayehangaika kujijua yeye ni nani anapambana na uongo wa mtu fulani, au anapambana na adabu ya jamii nzima iliyokubaliana kutosema?

Mstaafu wa Michenzani

Waalaykum salaam, Maalim. Wasichana wako wa nyuma wana hoja nzito. Mimi ningewapa riwaya nyingine ya Gurnah, *Gravel Heart*, iliyotoka mwaka 2017, ambayo sehemu yake kubwa imo humu humu mjini Unguja. Baba yake Salim anahama nyumba na kwenda kuishi katika chumba cha nyuma ya duka la mtu, bila ya ugomvi ambao mtoto ameushuhudia. Mama anaendelea kupika na kumpelekea chakula mumewe aliyeondoka, na baadaye kazi ya kuchukua chakula hicho inakuwa ya Salim. Mtoto anapita njiani na kikapu mkononi, anakifikisha, anarudi na vyombo, na hajui kwa nini baba yake hali nyumbani kwake. Hakuna anayemwambia, naye amelelewa vizuri mno kuweza kuuliza.

Salim anakwenda London, anaishi miaka mingi huko, na ukweli anaelezwa na baba yake baada ya kurudi, mama akiwa ameshafariki: kwamba mama alijitoa kwa mkubwa mmoja wa serikali ili kaka yake aachiwe huru. Sasa niambieni, mama yule angemwambiaje mtoto mdogo jambo kama hilo? Mimi nimelea, na naona kwamba kunyamaza kwake kulikuwa ni mapenzi. Mficha uchi hazai, tunasema, lakini yapo mambo ambayo mzazi akiyasema anamtwika mtoto aibu isiyo yake.

Binti Mkoani

Bi Mkubwa, nakuheshimu, na kuhusu mama wa Salim nakubaliana nawe. Khofu yangu ni kwamba tukilichukua jibu hilo na kulivisha kila riwaya, tutakuwa tunawasitiri wasiostahiki. Tazama *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa hapa kwetu Pemba, iliyochapishwa mwaka 1980. Bwana Maksuudi ni mtu mwenye jina, anautaka uongozi, na nyumbani amemtawisha binti yake Maimuna hata ulimwengu wa nje kwake ni sauti zinazopita ukutani. Ukimtazama kutoka barazani utasema kuwa huyu ni baba anayelinda heshima ya nyumba yake. Wakati huo huo anakwenda kwa Kazija, na Kazija anapanga mambo mpaka baba na mwanawe wa kiume, Mussa, wanakutana nyumbani kwake huyo huyo mwanamke. Sitara iliyoko katika nyumba ile inamfunika baba. Binti hakufunikwa kwa chochote, alifungiwa tu. Ndiyo maana Maimuna anapotoka anatoka bila ya kujua lolote la dunia, na dunia inamtafuna.

Halafu kuna *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, ambayo nadhani inalipindua suala la Maalim. Rehema ni mtoto wa Fuad, tajiri wa Kiarabu, lakini amezaliwa akiwa na weusi wa ngozi ambao baba hakuutarajia, basi anamtilia shaka yeye na mama yake. Mtoto huyu hakufichwa kitu. Kila siku anaonyeshwa kwa namna anavyotazamwa kwamba si wa nyumba ile, na hilo analoonyeshwa ndilo uongo wenyewe. Yusuf hakuambiwa kweli. Rehema alihubiriwa uongo hata akakimbia kwao. Nani kati yao aliyepata tabu zaidi kujijua? Mimi namlilia Rehema, kwa sababu mtu aliyefichwa jambo anaweza siku moja kuambiwa, lakini aliyekanwa na baba yake hata akiambiwa ukweli haumrejeshi.

Maalim wa Wete

Ahsanteni sana. Nimesoma maneno ya Binti Mkoani mara mbili, na nadhani kipimo nilichokuwa nakitafuta kimo humo: tusiulize tu kama jambo limefichwa, tuulize ni nani anayenufaika kwa kufichwa kwake. Mama wa Salim hakunufaika kwa lolote. Maksuudi alinufaika kwa kila kitu. Kwa wazazi wa Yusuf bado napata uzito, maana deni lao lililipwa kwa kunyamaza kwao, na hapo hapo naamini kwamba mama yake aliumia.

Msomaji wa Ng'ambo

Naomba kuongeza moja, Maalim, kwa sababu mazungumzo yamekaa sana upande wa wanaofichwa na hayajawagusa wanaojifunza kuficha. Katika *Vuta n'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, Yasmin anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Raza, mume wa umri wa kuwa baba yake, na anapomkimbia, watu wake mwenyewe wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke asiye na cheo wala jina la kulinda. Baadaye Yasmin anampenda Denge, anayepigania uhuru na kuandamwa na polisi wa kikoloni, na msichana aliyekuwa akiamuliwa kila kitu anajikuta amekabidhiwa siri ya watu wengine. Safari hii anaitunza kwa hiari yake. Kwa hiyo mimi siwezi kusema kwamba mhusika hujipata pale tu siri inapofichuka. Yasmin anajijua vizuri zaidi siku anapokuwa na jambo la kulifunga kifuani na sababu yake mwenyewe ya kulifunga.

Kwa Yusuf hali ni kinyume. Mwishoni mwa *Peponi* ameshajua yote: yeye ni nani, Aziz ni nani, na kwamba Amina, anayempenda, naye alichukuliwa kwa deni. Hata hivyo, askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, wanapopita na mateka wao, anakimbia kuwafuata. Darasa lako, Maalim, likifika ukurasa ule, waulize anakimbilia nini, maana ukweli alikwisha kuambiwa na Khalil tangu siku zake za mwanzo pale dukani, na hakuna aliyempa mahali pa kwenda nao.