Mafundi wa Kigoma, acheni kupiga Windows kwenye hadi diski inayokufa!

Wakuu, hili limezidi sasa. Mtu anapeleka laptopu kwa fundi pale Mwanga: inachelewa kuwaka, folda haifunguki, na ndani inasikika kwaa, kwaa. Fundi hata hajaigusa anasema, "Hiyo Windows imeharibika, acha hela uje jioni." Jioni laptopu inawaka vizuri, ila hesabu za mawese za miaka mitatu hazipo, picha za harusi hazipo, na ripoti ya mwanachuo imepotea wiki ya kuiwasilisha. Ukiuliza, fundi anakujibu: "Si ulisema inasumbua?"

Hiyo si kazi ya ufundi. Hadi diski ikiwa nzito namna hiyo, mara nyingi kuna sekta (vipande vidogo vinavyohifadhi data) zisizosomeka, na diski inarudia kuzisoma tena na tena kabla ya kukata tamaa. Ukipiga Windows juu yake unaandika zaidi ya GB 20, na kila kilichoandikwa juu ya faili la mtu kimelifuta moja kwa moja. Hakuna programu ya kulirudisha. Na wale wa kukimbilia `chkdsk /r`, amri ya Windows ya kukarabati diski, mjue inapitia diski nzima na kuandika marekebisho kwenye diski hiyohiyo iliyo taabani. Ikifia katikati, mmeimaliza nyinyi.

Kupima ni dakika mbili tu. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure. Tazama mistari ya 05 (sekta zilizohamishwa), C5 (zinazosubiri kuamuliwa) na C6 (zilizoshindikana kusomeka). Hesabu zake huonyeshwa kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), kwa hiyo badilisha ziwe desimali msije mkamdanganya mteja. C5 ikiwa na namba na inaendelea kupanda, zima mashine, toa diski. Hakuna cha "ngoja kwanza nijaribu".

Baada ya hapo ni kunakili diski nzima kwa programu ya `ddrescue`, ukiwa umewasha kompyuta kwa Linux ya kwenye flashi. Kopi na pesti haifai hapa: inakwama kwenye faili la kwanza bovu huku diski ikizidi kuchoka. Kwanza andika `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL` ili uorodheshe diski, soma namba ya kila diski na uilinganishe na karatasi iliyobandikwa juu yake. Kisha:

`ddrescue -f -n /dev/sdX /dev/sdY /media/flashi/ramani.map`

Badilisha X iwe herufi ya diski ya zamani, na Y iwe ya mpya. Ukizigeuza, umenakili utupu juu ya mali ya mteja. Duru hii inachukua vyepesi kwanza na kuacha sehemu ngumu. Ikiisha, rudia kwa `-d -r3` badala ya `-n`, ramani ileile. Ramani, yaani faili linalokumbuka kilichokwisha kunakiliwa, iwe kwenye diski ya tatu au flashi inayobaki na mafaili yake hata mashine ikizimwa, maana umeme wetu mnaujua: ukikatika, unaendelea ulipoishia. Mkiunganisha diski kwa USB, tumieni mlango wa USB 3.0. Wa 2.0 unatoa mA 500 tu, diski inaweza kushindwa hata kuzunguka vizuri, halafu mnasema imekufa.

Jambo jingine linaloniudhi ni kumuuzia mtu SSD (diski ya kisasa isiyo na sahani zinazozunguka) ya GB 480 kuchukua nafasi ya hadi diski ya GB 500. Nakala nzima haitaingia! Iwe sawa au kubwa zaidi. Na msithubutu kupunguza pathisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa) kwenye diski mbovu ili itoshe. Nakilini kwanza kwenye eksteno kubwa, mpunguze huko. SSD za bei ya kutupa zijazwe mpaka mwisho kwa programu ya kupima ya H2testw kabla ya kupokea data ya mtu, maana zipo zinazodai TB 1 na ndani hazina kitu. SSD ndogo za M.2 nazo zipo za aina mbili, SATA na NVMe. Tazameni laptopu inakubali ipi kabla ya kuchukua hela.

Nakala ikikamilika, `chkdsk` iendeshwe kwenye diski MPYA. Msichomeke zote mbili pamoja kwenye Windows, kwa kuwa zina saini moja na moja itazimwa. Kama kuna BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski, mteja atafute ufunguo wake wa tarakimu 48 mapema, kwenye akaunti yake ya Microsoft.

Inayogonga kwa sauti na haionekani kabisa kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), iacheni. Msiifungue mezani, chembe moja ya vumbi inaweza kukwaruza sahani za ndani. Msiiweke kwenye friza. Mwambieni mtu ukweli kwamba inahitaji maabara, aamue mwenyewe kama ataigharamia.

Na ile hadi diski ya zamani ni mali ya mteja. Mrudishieni mkononi, haijafomatiwa. Nyinyi wateja nanyi msiondoke bila hiyo, na kaeni nayo mpaka mmefungua mafaili yenu yote kwenye ile mpya, moja baada ya jingine.