Mkokoteni wa punda hauna breki, na mteremko unatumaliza

MajiMlangoni
Wadau, hamjambo. Mimi nauza maji huku Limuru kwa mkokoteni wa punda, huu mwaka wa tisa. Punda wangu anaitwa Chifu. Jina alikuja nalo kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, na chifu wetu wa lokesheni analijua, tumeshacheka yakaisha.

Napakia mitungi 20 ya lita 20. Kupanda si shida: Chifu anavuta, mimi nasukuma, tunafika. Balaa ni kushuka. Kutoka kwenye kisima hadi kwa wateja wangu kuna mteremko wa mita kama mia mbili, barabara ya murram, na mvua za Aprili zikianza unageuka sabuni. Breki ni Chifu mwenyewe anayekaza miguu ya nyuma, na mimi nikining'inia nyuma kama kondakta wa matatu.

Wiki iliyopita alipiga magoti. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini goti la kushoto lilichubuka vibaya, na mitungi sita ikapasuka. Siku nne niko nyumbani namwosha kwa maji ya chumvi. Mke wangu hasemi kitu, na heri angesema.

Nimeshajaribu mawili. Kwanza gogo la mkaratusi, nalifunga kamba liburutwe nyuma. Njia ikiwa kavu linasaidia, kukiwa na matope linateleza pamoja nasi. Pili nilifunga ubao wa kubana tairi kwa juu. Ulishika vizuri mwezi mmoja, halafu nikaona nyuzi za tairi. Kuna aliyetengeneza breki ya maana? Ekseli yangu ni ya nyuma, ya Peugeot 504 pikapu, niliitoa kwa wauza chuma chakavu.

FundiGesi
Pole na punda, mzee. Sasa nikuulize: zile ngoma za breki (vile vikombe vya chuma nyuma ya magurudumu) bado ziko kwenye hiyo ekseli, au mwenye chuma alizitoa akauza kando? Kama ziko, breki ulishainunua zamani na umekuwa ukiizungusha bure miaka tisa. Fungua gurudumu, vua ngoma, tazama kama viatu vya breki, vile vipande vya ndani vinavyobana ngoma, viko na kama springi hazijaliwa na kutu. Mambo ya mafuta ya breki sahau. Unachotaka ni upande wa hendibreki tu, ambao ni waya. Tafuta mkono wa hendibreki wa gari lolote, uchomelewe kwenye fremu mahali mkono wako unafika ukiwa unatembea kando, uvute waya zote mbili kwa pamoja.

Na ubao juu ya tairi acha. Ngoma imefunikwa, matope hayaingii sana, na kinacholika ni kiatu cha bei ndogo, tairi inabaki.

MtuWaMbulu
Shikamoo mzee. Mimi niko Mbulu, kwetu punda ni wengi na milima ndiyo hiyo. Kabla ya kuchomelea chochote, hebu niambie Chifu amevaa nini nyuma. Wengi hufunga mkanda wa kifuani tu. Huo ni wa kuvuta. Mkokoteni ukianza kumsukuma, hakuna kinachouzuia isipokuwa mikono ya mkokoteni (ile miti miwili ya kando yake) kumgonga na shingo kubeba yote. Anahitaji mkanda mpana unaozunguka mapaja kwa nyuma, chini ya mkia, uliofungwa kwenye mikono ya mkokoteni pande zote mbili. Hapo anaukalia mzigo kwa makalio, mahali penye nguvu. Usitumie kamba ya katani, itamkata. Ukanda wa mpira wa tairi uliovishwa gunia unatosha.

Piga hesabu kidogo. Maji kilo 400, mkokoteni tuseme 150. Njia ikishuka mita moja kila mita kumi, mzigo unamsukuma kwa nguvu ya karibu kilo 55, kabla hujatoa ule msuguano wa magurudumu. Punda mwenyewe hana zaidi ya kilo 150 hivi, na amesimama juu ya matope.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau: mkokoteni wa magurudumu mawili ukishuka, uzito unakuja mbele, unamlemea mgongoni. Ukifika juu ya mteremko simama, rudisha mitungi miwili mitatu nyuma.

MkenyaPennsylvania
Nimecheka hapo kwa kondakta, ila pole sana mzee wangu. Mimi niko Lancaster, Pennsylvania, na hapa Waamish, Wakristo wasiomiliki magari, hupita na vigari vya farasi kila siku mbele ya kazini kwangu. Gari la kijivu, farasi mmoja, lakini ukichungulia nyuma ya magurudumu unakuta breki za ngoma zinazokwenda kwa mafuta, na kanyagio miguuni kwa dereva. Watu waliokataa gari hawakukataa breki ya gari!

Wilaya hii ndiko yalikotoka yale magari makubwa ya mizigo ya Conestoga, ya miaka ya 1700. Mwenye farasi alitembea upande wa kushoto, na wenzo wa breki uliwekwa upande huohuo ili auvute bila kupanda. Wenzo ulibana vipande vya mbao kwenye magurudumu ya nyuma. Mteremko ukizidi, gurudumu lilifungwa mnyororo lisizunguke, au likawekewa kiatu cha chuma chini yake likaburutwa. Hiyo ya kuburuta usiige, tairi ya upepo itatoboka mahali pamoja.

Kuna pia breki inayojifunga yenyewe, ambayo matela ya magari hutumia: tela likilisukuma gari, ncha ya mbele inarudi nyuma kidogo na kuvuta waya wa breki. Kwa punda, ule mkanda wa mapajani usingefungwa kwenye mkono wa mkokoteni moja kwa moja, ungefungwa kwenye wenzo wenye springi. Akiukalia, breki inashika.

FundiGesi
Hiyo ni akili, lakini ina kesi moja. Punda akirudi kinyumenyume anausukuma mkanda uleule, na breki inamfunga palepale. Itabidi kuwe na pini ya kuizuia, na ukiisahau pini kwenye mteremko ndiyo basi. Mzee aanze na ya mkono. Na asiivute yote kwa ghafla: breki ya ghafla kwenye magurudumu mawili inatupa mzigo mbele, mgongo wa Chifu unaubeba.

MajiMlangoni
Asanteni sana. Nimerudi na habari baada ya siku kumi na moja. Ngoma zilikuwepo! Upande mmoja springi zilikuwa zimeoza, nimeweka za gari jingine. Kwa fundi nimeacha elfu tatu na mia tano, pamoja na mkono wa hendibreki, na mkanda wa mapajani nimeshona mwenyewe kwa tairi na blanketi kuukuu. Chifu siku ya kwanza aliuogopa, akapiga teke, akagundua hauumi.

Leo nimeshuka na mitungi kumi, nusu ya mzigo. Nilianza kuvuta kabla hatujaingia kwenye mteremko, kidogokidogo. Mara ya kwanza nimemwona Chifu akishuka masikio yakiwa mbele. Siku zote hushuka ameyalaza.

Sasa tatizo: nikivuta, mkokoteni unakata kulia, na Chifu anaenda akirudishwa njiani kama mlevi. Na harufu ya kuungua inatoka gurudumu la kulia tu.

FundiGesi
La kulia linashika mapema, la kushoto limelala. Inua mkokoteni kwa mawe, magurudumu yazunguke hewani, vuta mkono meno matatu, zungusha kila moja kwa mkono. Legeza waya wa kulia nusu mzunguko kwa nusu mzunguko mpaka yote mawili yawe mazito sawa. Na vua ngoma ya kushoto utazame kama kuna grisi ya beringi iliyovujia kwenye viatu. Ikiwa ipo, kusugua hakutasaidia, badilisha viatu. Usipakie ishirini kabla hujamaliza hilo.

MajiMlangoni
Grisi ipo. Kesho naenda kutafuta viatu.