Ushauri: chembe bandia za kuogelea kwa tasnifu, nianze na zipi?

Kijana wa Maabara: Wakuu habari za jioni. Nipo uzamili, fizikia. Tasnifu yangu ni kuiga seli inavyotafuta njia ya kufika penye chakula, kwa kutumia chembe bandia zinazojisukuma zenyewe. Msimamizi anataka vitufe vilivyopakwa platinamu upande mmoja, ndani ya haidrojeni peroksaidi. Mashine ya kupaka platinamu hatuna. Hadubini ipo, kamera ipo, imebaki miezi saba. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Kigagula: Badili mada mdogo wangu, hiyo ni ya wenye hela.

Bi Hadubini: Usimsikilize huyo. Tumia matone ya mafuta. Kwenye vitufe hivyo, peroksaidi ikigusa platinamu hutoa oksijeni. Ukikoleza kupita kiasi utajikuta unarekodi mapovu. Mtafiti Corinna Maass na wenzake, Göttingen, Ujerumani, walichapisha 2017 kuhusu matone ya mafuta kwenye maji ya sabuni. Tone linayeyuka taratibu huku likielekea penye sabuni nyingi. Waliyatia kwenye vichochoro vyembamba, mengi yakatokea kwa njia fupi. Halafu tone likipita, nyuma yake sabuni imepungua, na lenzake likifika hapo linakwepa. Mimi hapo ndipo ningekaa.

Mwalimu Mstaafu: Mtahini atakubana hapa. Bakteria E. coli ana urefu wa maikromita 2 hivi. Akitafuta chakula halinganishi kilichopo kichwani na mkiani, analinganisha sasa na sekunde chache zilizopita. Anakwenda moja kwa moja kama sekunde 1, anabiringika kidogo, anashika upande mwingine. Akiona mambo yanazidi kunoga, anachelewa kubiringika. Watafiti Berg na Brown walionyesha hilo 1972, kwa hadubini iliyomfuata bakteria mmoja mmoja. Ana kumbukumbu huyo. Tone lako linavutwa tu. Usiandike kwamba umeiga bakteria.

Kijana wa Maabara: Shikamoo mwalimu. Kumbukumbu haiwezi kuongezwa?

Bi Hadubini: Watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walifanya, 2021: chembe zenye dhahabu juu, leza inazisukuma, kompyuta inatazama kwa kamera na kujifunza ipige wapi. Kumbukumbu ikabaki kwenye kompyuta. Kwa miezi saba usithubutu. Anza na matone kwenye sabuni iliyo sawa kote, bila hivyo hutakuwa na cha kulinganisha.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Msikilize dada yako.

Kijana wa Maabara: Sawa dada. Sasa nani anamwambia msimamizi?