Mjadala: Seva za huduma za umma zihamishwe zikiwa hai mchana, au zizimwe usiku kwa tangazo?

Fundi wa Vikokotoni (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum wanabaraza. Kuna ofisi moja hapa mjini Unguja inataka kuweka utaratibu: kila ikihamisha mashine pepe (kompyuta ya programu inayokaa ndani ya seva) kutoka seva moja kwenda nyingine, huduma zizimwe saa 6 usiku mpaka saa 11 alfajiri. Sababu wanayoitoa ni kadi ya mtandao. Mie sikubaliani nao, na nitasema kwa nini.

Kuhamisha mashine pepe ikiwa hai si uchawi. Kumbukumbu yake inanakiliwa huku inaendelea na kazi. Kurasa zake, yaani vipande vya kumbukumbu, zilizobadilika zinanakiliwa tena, na tena, mpaka kilichobaki ni kidogo. Hapo inasimamishwa kitambo kifupi na kuamkia upande wa pili. Tatizo linakuja mashine hiyo ikiwa imekabidhiwa kipande cha kadi halisi kwa njia ya SR-IOV, inayoigawa kadi moja vipande na kila mashine pepe ikapewa chake. Hali ya kadi imo ndani ya chuma chenyewe, programu inayobeba mashine pepe haiioni, na kitu usichokiona utakinakili vipi? Ndipo wanaposema "zima".

Sasa tazameni jahazi la siku hizi. Lina mashine, na tanga pia limo. Mashine ikitakiwa kufunguliwa katikati ya bahari, watu wanatweka tanga. Chombo kinapunguza mwendo lakini kinakwenda. SR-IOV ndiyo mashine, virtio, kadi ya kuigizwa na programu, ndiyo tanga. Kadi zote mbili zinapewa anwani moja ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi), na Linux tangu toleo la 4.18 la mwaka 2018 ina draiva (programu ya kuendesha kadi) ya net_failover inayozifunika kwa kiolesura kimoja, yaani mlango mmoja wa mtandao. QEMU 4.2, programu inayobeba mashine pepe, mwishoni mwa 2019 ikakamilisha upande wake: uhamisho ukianza inamwomba mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, aachie kadi ya haraka, inangoja, mgeni anasafiri na virtio, na akifika anapachikwa kadi nyingine. Safari ikivunjika, anarudishiwa ile ya mwanzo.

Basi usiku wa nini?

Mpemba wa Wete

Yakhe, tanga umelieleza vizuri, ila hukusema nani analitweka. Ni mgeni mwenyewe! Kadi haichomolewi mpaka mfumo ulio ndani ya mashine pepe uitikie ombi. Asipoitikia, uhamisho unakaa pale pale unangoja.

Haya yamenikuta mahali nilipokuwa nafanya kazi. Kiyoyozi cha chumba cha seva kilikufa saa 5 asubuhi, seva inachemka, tuna wageni sita wa kuwaondoa. Watano wakatoka salama. Wa sita kerneli yake, kiini cha mfumo wake, ilikuwa imeganda, na hatukujua kwa sababu skrini yake hakuna anayeitazama. Dakika kumi, dakika ishirini, hali ni "inangoja kuchomolewa". Mwisho tukaizima kwa nguvu, watu wamejaa dirishani. Ingekuwa saa 8 usiku angekasirika paka wa mlinzi tu.

Muuza Tiketi, Malindi

Samahani mafundi, mie nimeelewa jahazi tu, hayo mengine yamenipita. Lakini boti ya saa 1 asubuhi watu wanakata tiketi usiku kwa simu. Mkizima mpaka saa 11, abiria wote wananijia mimi alfajiri kwa mkupuo. Na Ramadhani je? Usiku ndio mchana wetu. Sisi tuliokaa gizani miezi mitatu, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika, tumeshazimiwa vya kutosha.

Dada wa Swichi

Muuza Tiketi umesema la maana kuliko sote, hilo la Ramadhani hakuna aliyelifikiri.

Kwa Fundi nina mawili. Kwanza, "kiolesura kimoja" ni kimoja kwa nia tu. Ukiingia ndani ya mgeni unaviona vitatu: kile kikuu, virtio chini yake, na SR-IOV chini yake, vyote MAC moja. Anwani ya IP, ile ambayo mashine inafikiwa kwayo mtandaoni, iwekwe juu ya kikuu. Nimeshakuta mahali programu ya kupanga mtandao imeiweka juu ya kile cha SR-IOV. Siku zote inakwenda vizuri! Siku kadi inachomolewa, IP inakwenda nayo, na kila mtu anaulaumu uhamisho.

Pili, kadi ya SR-IOV ina swichi yake ndogo tumboni, inayogawa paketi (vifurushi vya data) kwa kila mlango. Kipande kikichomolewa na ile MAC ikaachwa imeandikwa pale, paketi zinaendelea kupelekwa mlango usio na mtu. Lazima ifutwe, ili zielekee kwenye virtio. Upande wa pili nako, mashine ikiamka inabidi ipige mbiu kwa swichi za mtandao kwamba "nimehamia huku", la sivyo trafiki inabisha hodi nyumba ya zamani.

Hakuna kinachoshindikana hapo. Ila ofisi isiyokuwa na mtu wa kuyakagua haya, mimi nitaielewa ikichagua usiku.

Fundi wa Vikokotoni

La IP nalikubali, nalo limeshanitia aibu mara moja. Lakini dada, nenda mbele kidogo. Tangu Linux 5.18 ya mwaka 2022 zipo kadi ambazo draiva yake inaweza kuibeba hali ya kadi yenyewe, hakuna haja ya kuchomoa.

Dada wa Swichi

Zipo. Tena utake kadi ya namna hiyo pande zote mbili. Nani hapa kwetu ananunua seva mbili mwaka mmoja, kwa zabuni moja?

Mzee wa Mkunazini

Wanangu, mnabishana namna ya kuchomoa kadi, hakuna aliyeuliza iliingiaje. SR-IOV ni ya mwenye paketi kama mchanga wa pwani. Ofisi inayoandika vyeti na kukata tiketi, laini yake ya kutoka nje ndiyo nyembamba kuliko kadi yoyote. Wapeni virtio peke yake, wahamishwe saa yoyote, msimuombe mgeni ruhusa. Muuzaji kawaambia "hii ya kasi", nanyi mkaweka tiki.

Fundi wa Vikokotoni

Maalim, hapo umenikamata. Katika mashine zote ninazozilea, inayohitaji kasi ile kweli ni moja, ya nakala za akiba.

Mpemba wa Wete

Ile yangu ya sita mpaka leo ina SR-IOV, na haina kazi nayo. Nataka kuiondoa. Niizime?

Dada wa Swichi

Usiizime, ichomoe ikiwa inakwenda. Virtio ipo pembeni yake. Tazama kwanza IP imekaa wapi.

Mpemba wa Wete

Nimetazama, ipo juu ya kikuu. Nitachomoa. Lakini saa 8 usiku, kaka'angu Fundi usinicheke.

Muuza Tiketi, Malindi

Usiku gani? Isiwe wa kuamkia Ijumaa, tuna boti mbili.